Imani Si Bima

Watu wangu, siku hizi imani imegeuzwa bima. Ati tuma sadaka kwa simu, amini, kesho gari liko mlangoni. Mimi nakataa, na sababu yangu iko Murang'a.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Ukikuyuni kulikuwa na Wakristo wa uamsho, ile harakati iliyotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Walipotakiwa kula kiapo cha Mau Mau, wengi walikataa. Walisema wameshakunywa damu ya Kristo kwenye meza ya Bwana, hawawezi kuongeza ya mbuzi. Sawa. Lakini serikali ilipotaka wachukue bunduki wawe homugadi, kuna waliokataa pia! Hebu fikiria: msituni unaitwa msaliti, na Mzungu naye hakuamini. Baadhi yao waliuawa.

Sisemi waliokula kiapo walikosea kudai ardhi. Ardhi iliporwa kweli, na wengi wao walikuwa Wakristo vilevile. Ndiyo maana hii hadithi hainiachi. Hawa ndugu hawakuahidiwa gari, hata kuamka kesho hawakuahidiwa. Kwao kuamini na kuwa mwaminifu lilikuwa jambo moja, na Kiswahili chenyewe kinayatoa kwenye mzizi mmoja.

Kanisa la kuwakumbuka liko hapo Murang'a mjini. Ukutani Elimo Njau alichora Yesu Mwafrika, mweusi kama wao.