Mota ya Chumba cha Kuchomoza na Mafundi Wake

Chumba cha kuchomoza kilitokana na sheria za barabara za Marekani. Gari-nyumba, ambalo familia hulala na kupika ndani yake safarini, kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi upana wa mita 2.6 hivi likiwa njiani, kwa hiyo nafasi ya ziada ilibidi itafutwe likishaegeshwa. Mwaka 1990 kampuni ya Newmar ya mji wa Nappanee, Indiana, ilianza kuuza magari-nyumba yenye sehemu ya ukuta inayotoka nje kwa kubonyeza swichi. Watengenezaji wengine wakaiga, na baada ya miaka kadhaa gari moja liliweza kuwa na vyumba vitatu au vinne vya namna hiyo. Hapo ndipo ufundi mpya ulipozaliwa, maana chumba kikigoma kurudi ndani, safari imekwama.

Mifumo iliyoenea mwanzoni ilikuwa rahisi kueleweka. Mota moja ya volti 12 chini ya sakafu ilizungusha gia, na gia ikasukuma reli zenye meno. Fundi alilala chini ya gari na testa yake, mwenzake akabonyeza swichi juu. Volti zikifika sawasawa kwenye nyaya za mota nayo ikanyamaza, mota imekufa. Zikifika pungufu au zisifike kabisa, kosa liko nyuma: betri iliyochoka, fyuzi, au waya wa ethi ulioshika kutu kwenye chesisi. Kipimo hicho cha dakika chache kimeokoa mota nyingi zisitupwe bure, na bado ndicho cha kwanza kufanywa na fundi makini. Mota ikilia bila chumba kusogea, hutazamwa pini iliyokatika au gia iliyolika meno. Kwa dharura, breki ya mota hulegezwa na chumba kurudishwa kwa hendeli.

Vyumba vizito vilipewa pampu ya haidroliki, na hapo uvujaji wa mafuta ukaongezeka kwenye orodha ya matatizo.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na mfumo wa Schwintek, ambao mwaka 2010 uliingia mikononi mwa kampuni mama ya Lippert, watengenezaji wa vipuri vya magari-nyumba. Mota ni mbili ndogo, moja kila upande, zimefichwa ukutani. Kila moja ina kihisi kinachohesabu mizunguko, na kidhibiti hulinganisha hesabu hizo. Upande mmoja ukibaki nyuma, kidhibiti husimamisha mota zote mbili na taa yake kuanza kumetameta. Ni mfumo mwepesi usiokula nafasi chini ya sakafu, ila uliwapotosha wengi: mota nzima zilibadilishwa wakati kilichopotea ni ulinganifu tu. Dawa yake ni kutoa chumba chote na kuendelea kubonyeza swichi mpaka mota zisimame zenyewe, kisha kukirudisha kidogo, kukitoa tena na kurudia hivyo mara kadhaa.

Mota ikiwa mbovu kweli, huvutwa juu kutoka kwenye nguzo yake ili iachane na gia. Zote mbili zikishaachanishwa, watu husukuma chumba kwa mikono, wakihakikisha pande zote zinakwenda pamoja, kwani kikienda mshazari hukwama na kuharibu reli. Mota mpya huwekwa baada ya pande mbili kulingana.