Uashi wa Chokaa katika Pwani na Namna ya Kuufundisha

Katika lugha yetu kuna kitenzi kimoja ambacho wanafunzi wetu wengi hawakijui tena, nacho ni "kuaka". Maana yake ni kujenga kwa mawe na chokaa. Afanyaye kazi hiyo huitwa mwashi, kama vile apikaye aitwavyo mpishi, na kazi yenyewe ni uashi. Neno hili limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, pamoja na mengine mengi ya kazi hiyo. Lakini neno likikaa kitabuni bila mkono wa kulitenda, ni kama jina la marehemu: latajwa, wala haliitiki. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza waalimu wenzetu jinsi kazi hii ilivyo, na kwa nini yapasa ifundishwe.

Uashi wa pwani ni wa zamani sana. Katika Kilwa Kisiwani kuna msikiti mkuu ulioanzwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, na karibu yake kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14. Mawe ya kuta yalikuwa matumbawe magumu ya nchi kavu. Mahali palipotakiwa nakshi, mafundi walitumia matumbawe laini yaliyotolewa baharini, wakayachonga yangali mabichi, maana yakikauka huwa magumu. Elimu hiyo hiyo ndiyo iliyojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari. Na kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake kama meta 3 au pungufu.

Sasa tutazame mwanafunzi alivyoingia katika kazi hiyo. Hakupewa mwiko siku ya kwanza. Alianza tanuuni, akipanga magogo na mawe ya kuchomwa, akajifunza kutambua jiwe lililoiva na lile lililobaki bichi ndani. Kisha alijifunza kuizima chokaa kwa maji, nayo huchemka yenyewe bila moto, na asiyejihadhari huunguzwa macho. Chokaa iliyozimwa iliachwa itulie muda mrefu, kwani chokaa yenye haraka huleta nyufa. Baada ya hayo akafundishwa kuchekecha mchanga na kuuchanganya, kuweka jiwe juu ya jiwe kwa kufuata timazi, na kutomea, yaani kujaza mianya ya ukuta kwa vijiwe na chokaa kabla ya kupaka lipu. Sakafu ilipigwa kwa vipande vya mti, watu wengi pamoja, kwa wimbo, ili mapigo yawe sawa. Wimbo huo haukuwa mchezo. Ndio uliokuwa kipimo cha kazi.

Elimu ya leo yatueleza siri ya jambo hili. Jiwe la matumbawe likichomwa hutoa hewa ya ukaa. Na chokaa ikiisha kupakwa huirudisha hewa hiyo polepole, hata ikawa jiwe tena. Ndiyo maana fundi hufunika lipu kwa magunia yenye maji, isikauke kwa pupa. Tena chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Saruji ya kiwandani haifanyi hivyo, maana ni ngumu na imefumbana.

Hayo hatukuyajua ila baada ya hasara. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na dhamana ya nyumba ya kale ya mawe, iliyotumika kuwa darasa. Lipu yake ilipoanza kubanduka, tuliamuru ing'olewe yote, ipakwe saruji, tukajisifu kwa ukuta ulionyoka. Masika mawili hayakupita, chumvi ikatoka kwa ndani, mawe yakawa unga, na ncha za boriti mbili zikaoza. Tukamwita mwashi mzee wa mtaa. Alipapasa ukuta, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, ukuta huu una jasho, nanyi mmeuvika koti la mvua." Tukamwuliza, "Mzee, kwa nini hukutuambia mapema?" Akajibu, "Mlikuja kuniuliza?" Hatukuwa na neno. Twajua sote mithali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, na ukuta tukajenga vile vile, maana tuliuziba kwa kitu kisicho chake.

Si kwamba saruji ni mbaya. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa, lina paa la tao ambalo Askofu Steere alilifanya kwa kokoto za matumbawe na saruji ya Ulaya. Kila kitu kina mahali pake, na kujua mahali pake ndio ufundi. Katika kanisa hilo hilo ziko nguzo zilizosimamishwa juu chini, na yasemekana mafundi walizisimamisha hivyo Askofu alipokuwa hayupo. Wageni huonyeshwa, wakacheka. Sisi twaona ni somo la mwalimu kuliko la fundi: mkono wenye nguvu, usipoelezwa maana ya kazi, hutimiza amri na kukosa shabaha.

Hatari ya kukosa mafundi si hadithi ya kale. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliangusha sehemu ya roshani mwaka 2012. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiendelea, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafa. Jumba likiachwa likazeeka, hata dawa yake huwa na hatari. Lakini yako ya kutia moyo pia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na baada ya kazi ya miaka mingi yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Magofu hayo hayakuponywa kwa barua. Kuta zilitaka chokaa, na chokaa yataka mikono.

Basi waalimu wenzetu, kabla ya kuamuru ukuta wa kale ubomolewe, mtafuteni mwashi aliyebaki mtaani, mkamwulize. Mpeni vijana wawili, wala msiwahesabie siku walizobeba maji kuwa siku zilizopotea. Waandikeni majina ya zana na kazi kama asemavyo yeye, huku wakizishika. Mzee wetu aliwafunza vijana wawili wakati wa kuitengeneza ile nyumba. Ilichukua muda mara tatu ya ule tulioutumia kuiharibu. Siku moja tulimsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Leo tutaaka mpaka dirishani." Hakulipata kwetu neno hilo.