Mahindi ya Kamukuywa na Hesabu za Kitale

Anayetoka Webuye kwenda Kitale hupita Misikhu, Kamukuywa, kisha Kiminini, na karibu njia nzima jicho halikosi mahindi. Mtu anaweza kudhani yamekuwapo tangu enzi za mababu wa Wabukusu, kama mtama na wimbi. Sivyo. Mahindi ni mgeni, na yale yaliyolijengea eneo hili jina la ghala la taifa yalitokana na utafiti wa mataifa kadhaa, ulioandikwa kwa kalamu kwenye madaftari. Siku hizi, data kubwa na jamii erevu zinapotajwa, husemwa kana kwamba upimaji wa maisha ya watu ulianza na simu ya mkononi. Kwa maoni yangu ulianza mapema zaidi huku magharibi mwa Kenya, na historia yake ina somo ambalo mitambo mipya haijalifuta: matokeo yanayoweza kutiwa kwenye pakiti na kuuzwa hufika shambani mbio, ilhali yasiyo na muuzaji huhitaji mtu wa kuyabeba.

Mwaka 1955 Michael Harrison alianzisha mpango wa kuboresha mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka uliofuata Kenya Seed Company ilizaliwa mjini humo humo, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Mnamo 1959, kwa msaada wa Rockefeller Foundation ya Marekani, Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kilatini kutafuta mbegu. Miongoni mwa alizorudi nazo ilikuwamo moja iliyoitwa Ecuador 573, ambayo kwa sura haikuwa ya kujivunia. Ilipochanganywa na Kitale Synthetic II, mahindi yaliyotokana nayo yalizidi mzazi wake wa Kitale kwa takriban asilimia 40. Ndiyo chotara 611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, wakati mashamba ya walowezi yalipokuwa yakigawanywa. Mchumi John Gerhart, aliyewahoji wakulima wa magharibi mwaka 1973, aliona kwamba katika maeneo ya juu yenye mvua ya kutosha mbegu hiyo ilikuwa imekubaliwa kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, au hata kuipita. Sehemu za chini zenye mvua haba zilibaki nyuma sana, na haikushangaza, kwani mbegu ilikuwa imezalishwa kwa ajili ya nyanda za juu.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo haisimuliwi sana. Mtaalamu wa kilimo A. Y. Allan, naye wa Kitale, hakuridhika na kuuliza mbegu ipi ni bora. Alipanga majaribio wilayani yenye mambo sita kwa pamoja: wakati wa kupanda, idadi ya mimea shambani, palizi, aina ya mbegu, na mbolea za aina mbili. Kila jambo lilikuwa na viwango viwili, kwa hiyo michanganyiko ilifika 64. Majibu yake yalikuwa ya kutia adabu. Mkulima aliyepanda mvua zinapoanza, akapalilia vizuri na kupanda mimea ya kutosha, alivuna zaidi hata kwa mbegu ya kienyeji bila mbolea, kuliko yule aliyenunua chotara na mbolea akachelewa na kuacha magugu. Aliyeunganisha yote mawili aliwashinda wote. Mbegu, hata hivyo, ilikuwa na kampuni, maduka na gari la kuisambaza. Kupanda mapema hakukuwa na duka. Kulimtegemea bwana shamba na baiskeli yake, na huduma hiyo ilidhoofika serikali ilipobana matumizi katika miaka ya 1980 na 1990.

Atakayepinga atasema madaftari ya Kitale hayawezi kuitwa data kubwa. Kwa wingi wake, kweli hayawezi. Lakini kompyuta inayosoma picha za setilaiti leo hujibu swali lile lile la Allan: kati ya mambo mengi yanayotokea pamoja, lipi huleta mavuno? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kituo kile kilijengwa kuwahudumia walowezi na kwamba wageni ndio walioamua lipi lipimwe. Hilo nalikubali, bila kukubali kwamba ushirikiano wa namna hiyo lazima uishie kwa mgeni kuondoka na hesabu. Huko Mosoriot, Nandi, mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana vilianzisha rekodi za wagonjwa za kompyuta katika kituo cha afya cha mashambani. Uzoefu huo uliingia katika OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004, programu ambayo yeyote anaweza kuichukua bure na kuirekebisha. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vyetu vya afya, imejengwa juu yake.

Hata hivyo chombo cha bure hakimleti mbebaji. Kati ya 2012 na 2014, utafiti wa WASH Benefits uliandikisha wajawazito 8,246 katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Matokeo yalichapishwa 2018: lishe ya nyongeza iliwasaidia watoto kukua kidogo, lakini kutibu maji, vyoo bora na kunawa mikono havikupunguza kuhara. Bangladesh, ambako utafiti pacha uliendeshwa, kuhara kulipungua. Sababu zinazowezekana ni nyingi, na mimi si wa kuzimaliza. Mojawapo ni kwamba huku wahamasishaji walizitembelea familia takriban mara moja kwa mwezi, na kule walibisha hodi mara nyingi zaidi.