Hifadhi ya Muuguzi Mjamzito: Mazingatio kutoka Milima ya Usambara

Panapojadiliwa usalama wa muuguzi mjamzito, aghalabu hutajwa likizo ya uzazi na zamu za usiku, na waama mambo hayo yana mahali pake. Lakini atakayezingatia jinsi kazi inavyokwenda katika hospitali kama ile ya wilaya ya Lushoto, au ya Bumbuli kwa njia ya Soni, ataona dhahiri kwamba hifadhi yetu huwasili baada ya hatari kubwa kwisha kupita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi baina ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua, au mapema zaidi endapo kuna cheti cha tabibu. Inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Na inamharimishia mwajiri kumpa kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Hayo ni maneno mema, wala sina nia ya kuyabeza. Ila sheria hiyo hiyo inaridhika na taarifa ya miezi 3 kabla ya kujifungua, hata yamkini mwajiri asijue lolote mpaka mwezi wa 6, ilhali viungo vya mtoto huumbika baina ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo pengine mama mwenyewe hana yakini. Na hata akiwa nayo, ada zetu humfunza asiitangaze mimba changa, kwa kuchelea husuda na maneno ya watu. Sitara hiyo ina hekima yake, nami simo miongoni mwa wanaotaka ivunjwe kwa amri ya ofisi.

Tuchukue mfano wa tauni: ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inarejea kwa zaidi ya miaka 20 na kuwapata maelfu ya wanavijiji. Aliyemuuguza mgonjwa wa tauni ya mapafu hupaswa kupewa dawa ya kinga, na iliyo karibu huwa mara nyingi ni ya jamii ya tetrasaiklini, ambayo haimfai mjamzito kwa kuwa huingia katika meno na mifupa ya mtoto ikaviharibu. Basi muuguzi aliyeisitiri mimba yake hana ila njia mbili: ama ameze asichopaswa kumeza, ama aifichue siri yake mbele ya wenzake waliopanga foleni ya dawa.

Kifua kikuu nacho hakingoji taarifa. Lushoto iko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na ifikapo Juni na Julai madirisha ya wodi hufungwa kwa baridi, hewa ikabaki ile ile iliyokoholewa. Sindano, eksirei na kuwainua wagonjwa machelani ni mambo mashuhuri, sitayarefusha.

Wako watakaosema kuwa wauguzi ni haba, na kumwondolea mmoja zamu ni kumtwika mwenziwe. Ni kweli, na ndiyo sababu naona upendeleo unaotolewa baada ya tangazo hautoshi, bali kila mwanamke aingiaye kazini ahifadhiwe kana kwamba huenda ana mimba. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianzwe siku za mwanzo za ajira, na dozi zake zote zikamilishwe. Ya rubela haina budi kutangulia mimba, kwani haitolewi kwa mjamzito. Na mgonjwa mzito ainuliwe na watu wawili, awe nani zamuni.

Nawasihi waganga wakuu wa wilaya na wauguzi wafawidhi wa Usambara waandike mapema, kabla tauni haijarejea, ni dawa gani atakayopewa mjamzito, na kila muuguzi aulizwe faraghani kama huenda ana mimba, peke yake, kabla ya kukabidhiwa kidonge.