Jimbo la Msalala na Kura Zilizopigwa Kwingine

Ukisoma matokeo ya ubunge ya Msalala peke yake, utadhani hapajatokea kitu. Kata ya Bugarama, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, imo katika jimbo hilo la mkoa wa Shinyanga. Ezekiel Maige wa CCM alishinda mwaka 2005, akarudi 2010, akarudi tena 2015. Mwaka 2020 bendera ya chama ikabebwa na Iddi Kassim Iddi, naye akaenda bungeni Dodoma. Upinzani haukuambulia kiti hicho katika chaguzi zote nne.

Msalala lilikuwa jina la utemi kabla halijawa jina la jimbo. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na miaka miwili baadaye wananchi wakapiga kura chini ya chama kimoja: wagombea wawili wa TANU, chama kilichozaa CCM, kila jimbo, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Mwaka huohuo wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, waziri wa fedha na mtu aliyejenga ushirika wa pamba Usukumani. TANU ilibaki na kiti, Bomani akakikosa. Naona watu wa Kanda ya Ziwa hawajaisahau mbinu hiyo. Vita vya Msalala hupiganwa kwenye kura za maoni za CCM, na siku ya uchaguzi wenyewe huwa kama kuhesabu mavuno yaliyokwisha kuingia ghalani.

Hata hivyo, mambo mazito ya eneo hili hayakuamuliwa kwa sanduku la Msalala. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1995. Agosti 1996, kabla hata mwaka haujatimia, wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, ya Bulyanhulu ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Canada. Yakaibuka madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema mwaka 2002 kwamba madai hayo hayakuthibitika. Barrick ilikuwa imeinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa rasmi mwaka 2001.

Walioyabeba madai hayo walikuwa wanasheria wa shirika la kutetea mazingira la LEAT, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, pamoja na Augustine Mrema, aliyekuwa amegombea urais mwaka 1995 na 2000. Wote watatu walifunguliwa kesi ya uchochezi. Lissu akapata ubunge mwaka 2010, lakini wa Singida Mashariki. Bulyanhulu ilimjengea jina. Kura alizipata kwao.

Mwaka huo wa 2010 majirani walitikisika. Bukombe, wakati huo ikiwa bado Shinyanga, ilimchagua Profesa Kulikoyela Kahigi wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Shinyanga Mjini, Steven Masele wa CCM alimshinda Philip Shelembi wa CHADEMA kwa kura moja tu. Msalala ikatulia. Maige akawa waziri wa maliasili na utalii, akaenguliwa Mei 2012 baada ya sakata la wanyama hai waliosafirishwa nje ya nchi. Kamati ya Bunge iliyosimamia wizara yake iliongozwa na James Lembeli, mbunge wa Kahama, jirani yake wa mlango kwa mlango! Mwaka 2015 Lembeli alihamia CHADEMA na kushindwa Kahama Mjini, huku Maige akirudi bungeni.

Kwa maoni yangu, mpiga kura wa Bugarama angemtazama diwani wake kwa makini zaidi kuliko mbunge. Kwa miaka mingi mikataba ya madini iliweka ukomo wa dola 200,000 kwa mwaka katika malipo ya mgodi kwa halmashauri. Kuanzia 2014 mgodi ukaanza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, kama sheria ilivyotaka. Fedha hizo hupangiwa matumizi na baraza la madiwani wa Halmashauri ya Msalala. Wakati huohuo barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73, ilikuwa ahadi ya kampeni baada ya kampeni.

Machi 2017 Rais Magufuli, mwenyeji wa Chato mkoani Geita, alizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kwenda nje. Kabla mwaka haujaisha Bulyanhulu ikapunguza shughuli na mamia wakapoteza ajira. Baadaye ikaja Twiga Minerals, kampuni ya ubia na Barrick, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Oktoba 2020 karatasi ya urais iliwakutanisha Magufuli wa makinikia na Lissu wa maduara, na Magufuli akatangazwa mshindi.

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila CHADEMA, na Lissu, mwenyekiti wake, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Watu wa Bugarama walipewa karatasi ya kura isiyo na jina lake.