Je, mzee wako angali anajimudu?

MZEE afikapo kliniki hupimwa shinikizo la damu, sukari na uzani, kisha huandikiwa dawa na kurejea nyumbani. Ni nadra kuulizwa iwapo angali anaoga bila kusaidiwa, ilhali jibu la swali hilo laweza kumfichulia daktari mengi yasiyoonekana katika maabara.

Mnamo 1963, Dkt Sidney Katz na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha shughuli sita za kujitunza: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kudhibiti haja na kula. Kila shughuli mzee aifanyayo bila msaada humpa alama moja. Alama sita ni ishara ya uwezo kamili. Mbili au chini yake ni udhaifu mkubwa.

Mnamo 1969, M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa orodha ya shughuli nane zinazohitaji fikira zaidi: kutumia simu, kununua bidhaa, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa ipasavyo na kusimamia pesa. Aghalabu hizi ndizo hutangulia kumlemea mzee. Nyanya aliyezoea kutuma pesa kwa simu akianza kuikwepa kazi hiyo, huenda macho au kumbukumbu vinafifia. Hata hivyo, babu ambaye hajawahi kupika maishani asihesabiwe kuwa ameshindwa.

Kuna pia jaribio la kutembea. Mzee huinuka kitini, akaenda mita 3, akageuka, akarudi na kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, huchukuliwa kuwa katika hatari ya kuanguka.

Mabadiliko ya ghafla yasipuuzwe kwa kisingizio cha uzee. Aliyetembea juzi na leo hawezi kuinuka huenda ana maambukizi, au amedhuriwa na dawa anazotumia. Mambo ambayo hutibika.

Wazee wengi huficha udhaifu wao kwa kuona haya au kuhofia kuwa mzigo. Kwa hivyo, daktari asiulize tu, "Unaweza kuoga?" bali, "Leo umeoga vipi?" Naye mwana aliyemsindikiza mzazi amwache ajibu mwenyewe, kisha aongeze aliyoyaona nyumbani.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawahakikishia wazee, yaani waliotimu miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Utunzaji huo hauwezi kuanza kabla ya kujulikana ni lipi hasa linalomshinda mzee.