Mabaki ya saruji ya meno huhatarisha jino la kupandikiza

KOFIA ya jino lililopandikizwa tayani hushikizwa kwa skrubu au saruji maalumu ya meno. Saruji inapofurika na kubaki chini ya fizi, bakteria hujikusanya, fizi huvimba na mfupa huweza kulika.

Utafiti wa Thomas Wilson wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, ulibaini mabaki hayo katika asilimia 81 ya mapandikizi yenye dalili za ugonjwa. Yalipoondolewa, mengi yalipona.

Saruji za zinki huonekana vizuri kwenye eksirei. Baadhi ya zile za resini hazionekani, na ni vigumu zaidi kuzibandua.

Hivyo, mgonjwa anayetokwa damu au usaha kwenye fizi hana budi kumwona daktari mapema, hata kama hasikii maumivu.